UZI: "Chukua mkopo urudi shule." Sawa, na kazi isipopatikana nani analipa?

Kila kampeni ikifika huku Kericho na Bomet, hoja ni hizo hizo mbili. Mmoja anasema mashine za kuchuma chai zimeshakuja, kwa hivyo kijana akope asomee kazi nyingine. Mwingine anasema mikopo ni mtego, rudisheni kazi za watu. Wote wanapigiwa makofi. Aliyeachishwa kazi anarudi Kiptere na swali lake lile lile. Sitataji mwanasiasa wala chama, na nyinyi kwenye majibu tafadhali msianze.

Tuanze na hali yenyewe. Mwaka 2023 jopo lililoundwa na kaunti ya Kericho lilisema mashine zimekula kazi kama 30,000 kwa miaka kumi. Mei mwaka huo mashine zikachomwa mashambani na mtu akafa kwenye maandamano. Kwa hivyo hii si hadithi ya vijana wavivu.

Najua kuna mtu atakuja na "uchumi unakua". Ni kweli, 2024 ulikua asilimia 4.7. Lakini mwaka huo huo, kazi mpya 9 kati ya 10 zilikuwa za jua kali. Shika hiyo namba, tutairudia.

Sasa mkopo. Watu hubishana juu ya riba peke yake, na mimi naona hapo ndipo mjadala unapotea. Cha kuuliza kwanza ni saa: unaanza kulipa lini?

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Huo ni mkopo wa bei nafuu, tuseme ukweli. Kwa vyuo vya kiufundi vya serikali hesabu iliyoanza 2018 ilikuwa hivi: karo 56,420 kwa mwaka, serikali inaweka 30,000, wewe unabaki na 26,420, na HELB inakopesha hadi 40,000. Mfumo wa 2023 ukabadilisha mgao kulingana na uwezo wa familia, na umezunguka sana mahakamani, kwa hivyo usitumie hesabu ya jirani aliyesoma zamani. Soma barua yako mwenyewe.

Shida ni kwamba mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, saa inaanza kugonga. Haiulizi kama umepata kazi. Ukinyamaza, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Piga hesabu: 60,000 kwa mwaka, na mkopo wenyewe wa mwaka ulikuwa 40,000! Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisema riba na faini haziwezi kuzidi deni la msingi. Hiyo inasaidia, lakini deni mara mbili bado ni deni mara mbili.

Mfumo huu ulijengwa ukimfikiria mtu mwenye pesilipi, akatwe juu kwa juu na mwajiri. Sasa rudi kwa ile 9 kati ya 10. Fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni hana pesilipi. Wiki hii ana kazi, wiki ijayo hana. Pendekezo la mtu kuanza kulipa akishapata kazi limewahi kufika bungeni. Mgombea akija, muulize anasimama wapi kwa hilo. Msimwachie aseme "nitaongeza mikopo" tu.

Halafu kuna Sacco, ambayo ndiyo njia ya wengi wetu kwa sababu haina fomu nyingi. Nyingi zinatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki. Chukua 120,000 kwa miezi 24: mwezi wa kwanza unalipa 5,000 ya deni na 1,200 ya riba, jumla 6,200. Na unaanza mwezi ujao, ukiwa bado darasani, huna mshahara. Ukishindwa, wanakatwa wadhamini, yaani shemeji yako na yule mama mnayekaa naye kanisani. Binafsi, mtu aliyepoteza kazi simshauri akope karo kwa Sacco, labda kama mwenzake nyumbani ana mshahara au chai yao inaleta bonasi ya kueleweka. Na bonasi ya 2025 huku kwetu mliiona wenyewe ikilinganishwa na ya mashariki ya Bonde la Ufa.

Kitu ambacho hakisemwi jukwaani ni kwamba kuna pesa na njia kabla ya mkopo.

Ukiachishwa kazi kwa sababu nafasi imeondolewa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Miaka 8 ni siku 120. Hiyo inaweza kuwa karo ya mwaka mzima. Wenye kandarasi za msimu ndio huachwa nje, na hapo ndipo chama cha wafanyakazi kinatakiwa kupigana.

Pia, kama umetengeneza mashine kiwandani miaka kumi, huhitaji diploma ya kukopea ili uitwe fundi. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, inatoa mitihani ya ufundi, gredi ya tatu hadi ya kwanza. Unapimwa kwa mikono yako.

Na hapa NITA kuna jambo. Waajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende kwa mafunzo. Mwajiri anayefundisha watu wake anaweza kurudishiwa gharama. Mfanyakazi aliyefutwa hana mlango wa kuingilia hapo. Miaka kumi ni 6,000 zilizolipwa kwa jina lake, halafu siku anapohitaji kusomea kazi nyingine anaambiwa akakope.

Mkutano ukija Kiptere, anzeni na hiyo 50.