Ulidhulumiwa Zamani? Namna ya Kuamua Kama Utamwambia Mtu

Mnamo Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai hapa Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao kazini. Tangu hapo, huenda kuna mkaazi wa Litein anayejiuliza: nami niseme, ama ninyamaze?

Uamuzi ni wako. Dhuluma ilikunyima hiari, kwa hivyo mtu yeyote asikulazimishe kusema kabla hujawa tayari. Ulikubali kwa kuogopa kufutwa kazi? Ulinyamaza miaka mingi? Bado kosa si lako.

Jiulize kwanza unatafuta nini. Kama ni kupunguza mzigo moyoni, mtu mmoja anatosha. Kama ni haki, utahitaji polisi au wakili. Kama ni matibabu, nenda hospitali. Kila hitaji lina mlango wake, na kuingia mmoja hakukulazimishi kuingia yote.

Chagua msikilizaji kwa makini. Je, amewahi kutunza siri yako? Anaishi nyumba moja na aliyekudhulumu, au anamtegemea kwa kazi? Katika kambi za wafanyakazi habari husambaa haraka, kwa hivyo mtu wa mbali anaweza kuwa salama zaidi. Nambari 1195 hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Si lazima usimulie yote. Unaweza kuanza hivi: "Kuna jambo lilinipata zamani. Nataka unisikilize tu."

Kuhusu sheria, makosa makubwa kama ubakaji na unajisi hayana muda wa mwisho wa kuripotiwa. Ukiamua, uliza Dawati la Jinsia katika kituo cha polisi. Lakini dai dhidi ya mwajiri chini ya Sheria ya Ajira kwa kawaida lina kikomo cha miaka 3, kwa hivyo usikawie kupata ushauri wa wakili. FIDA Kenya husaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa. Sheria hiyo ya mwaka 2007 pia inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya kuzuia dhuluma za kingono kazini. Una haki ya kuuliza iko wapi.

Mambo mawili hayangoji. Kama dhuluma imetokea siku hizi, fika hospitali kabla ya saa 72 kwisha ili upate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Usioge wala kufua nguo ulizovaa, na usingoje kwanza kwenda polisi. Hata hivyo, kama saa hizo zimepita, bado nenda. Pili, kama aliyekudhulumu sasa yuko karibu na watoto, piga 116, bila malipo. Hapo kunyamaza kunaweza kumweka mtoto hatarini.

Na wewe utakayeambiwa: usiulize "Mbona hukusema wakati huo?" Sema "Nakuamini, pole sana," kisha uliza angependa nini kifanyike. Usimwambie mzee wa mtaa, pasta wala mume wake bila idhini yake. Aliyekuamini mara moja akisalitiwa, huenda asiseme tena maishani.