Mfarishi mzuri huanzia ndani

Julai ikibisha hodi jijini Nairobi, watu huonekana wamejikunyata katika vituo vya matatu wakipuliza viganja vyao. Usiku ndio taabu zaidi. Nyumba nyingi ni za mawe na saruji, hazina chombo cha kuzitia joto, na jiji lenyewe limekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa hayo haina harufu wala rangi, na imewahi kuua jamaa nzima usingizini. Heri mtu autafute ujoto wake chini ya kitu cha kujifunika.

Kitu hicho unaweza kukishona mwenyewe. Mfarishi, kwa asiyeufahamu, una matabaka matatu: juu ni vitambaa vilivyoungwa, chini ni bitana, na katikati ni ujazo mwororo. Yote hushikwa pamoja kwa mishono inayopenya toka upande mmoja hadi wa pili. Madukani utamsikia ndugu yake akiitwa duveti.

Hebu mwulize mshonaji yeyote alianzia wapi. Atakwambia alikwenda Gikomba au Biashara Street akachagua vitambaa, akalinganisha rangi siku nzima, kisha ujazo akaununua mwisho kwa pesa zilizobaki. Hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Baada ya kufuliwa mara mbili, ujazo umejikusanya pembeni kama ugali uliopoa, katikati vimebaki vitambaa viwili vinavyogusana, na aliyelala chini yake anatetemeka vile vile. Ushauri wangu kwako, msomaji, ni kugeuza utaratibu huo: ujazo kwanza, rangi baadaye.

Fahamu kwanza kwamba mfarishi hauna joto lake wenyewe. Joto linatoka mwilini mwako, na kazi ya ujazo ni kuishikilia hewa iliyo kati ya nyuzi zake ili joto hilo lisitoroke. Ndiyo maana uzito si kipimo cha ujoto. Blanketi zee lililogandamana linaweza kumlemea nyanya kifuani bila kumpasha joto, ilhali kitu chepesi kilichofura kikamtosha. Unapokuwa dukani, finya ujazo ngumini kwa muda, kisha uachilie. Ukifura tena upesi, utashika hewa. Ukibaki umelala kama chapati, muuzaji abaki nao.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe. Pamba halisi ni rafiki wa ngozi. Hunywa jasho, haikwaruzi, na kwa mtu wa Mombasa au Kisumu tabaka jembamba la pamba latosha kabisa. Lakini hurudi ikifuliwa, pengine kwa sentimita tatu hadi tano katika kila mia. Ikilowa huwa nzito mno, na katika majira ya mvua yaweza kukaa kwenye kamba siku kadhaa hadi ianze kunuka uvundo.

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa nyanda za baridi kama Limuru, Molo na Nyahururu. Ni nyepesi, imefura, na yaweza kunywa unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujausikia ubichi. Hata moto huishika kwa shida. Ubaya wake ni bei, nondo, na kwamba ukiifua kwa maji moto na kuisugua itajifunga na kuwa gumba. Ifue kwa maji ya vuguvugu, uiminye taratibu bila kuipindapinda.

Usiichanganye sufu hiyo na sufi, ingawa baadhi yetu huyatumia maneno haya mawili kama kitu kimoja. Sufi hutoka kwenye mti wa msufi unaoota Pwani. Nyuzi zake zina uwazi ndani, ndiyo sababu ziliwahi kujazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Zinateleza, hazishikani, na hushika moto upesi. Kwa mto wa kulalia sufi ni raha tupu. Kwa mfarishi itakukimbilia pembeni, labda uigawe katika vifuko vidogo vidogo, na subira ya namna hiyo si ya kila mtu.

Tabaka la poliesta, ambalo mafundi wa viti huliita faiba, ndilo rahisi zaidi kupatikana mjini. Bei yake ni nafuu, ni jepesi, halirudi, na hukauka upesi. Kwa mwanafunzi wa bweni anayefua kwa mkono na kuanika kwenye kamba inayong'ang'aniwa na wenzake, sioni la kulishinda. Ila halinywi jasho, na nyuzi zake hupenda kuchungulia nje ya kitambaa. Zikichungulia juu ya kitambaa cheusi utadhani mfarishi umeota mvi. Chagua kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi isiyo nzito.

Tatizo ni kwamba sokoni karibu kila kitu cheupe na chororo huitwa pamba. Nitakupa njia ya kumjua mkweli. Omba unyuzi mdogo tu, uende nao nyumbani. Mtu mzima aushike kwa kibanio cha chuma juu ya bakuli la maji, mbali na watoto na mapazia, kisha auwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na ukiondoa kiberiti huelekea kuzimika yenyewe. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse hicho kabla hakijapoa, kwani hunata kwenye ngozi na kuchoma vibaya. Ikiwa ni mchanganyiko, utaona majivu na kidonge kwa pamoja.

Unene nao huuzwa kwa gramu katika kila mita mraba. Ujazo wa gramu 100 ni wa Pwani au wa msimu wa joto. Kwa Julai ya Nairobi ningechukua wa gramu 200. Ukifika 300 sindano ya mkono itakutoa jasho kabla mfarishi haujafanya hivyo. Mfarishi wa sentimita 180 kwa 220, unaofunika vizuri kitanda cha futi nne kwa sita, ni karibu mita mraba nne. Kwa hiyo ujazo wa gramu 200 utakuwa na uzito wa gramu 800 hivi. Muuzaji akikupimia kwa kilo, hesabu hiyo itakulinda.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Blanketi lililochakaa likifuliwa na kukauka vizuri ni ujazo wa heshima, na wala halijikusanyi. Vipande vya sponji usivishone humo. Havina starehe, huvunjika vikawa vumbi, na vikishika moto hutoa moshi wa sumu.

Kuna mtu mmoja ambaye hafai kushonewa mfarishi wa kulalia hata kama unampenda namna gani. Ni mtoto mchanga. Wataalamu wa afya hushauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekewe vitu vyororo kama mfarishi na mito mahali anapolala, kwani vinaweza kumfunika pua akakosa pumzi. Mvishe nguo zinazotosha. Mfarishi wake, kama ni wa zawadi, mtandikie sakafuni mchana achezee mkiwa mnamtazama. Kwa mtoto mkubwa anayekojoa kitandani, tafadhali usitumie sufu wala pamba nzito. Mama atafua hadi achoke. Faiba ndiyo mwafaka.

Umekwisha kununua? Usikate bado. Shona kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30 chenye matabaka yote matatu, ukifue jinsi utakavyoufua mfarishi wenyewe, ukianike, kisha ukipime. Kikiwa kimebaki 28 na nusu, ujue kimerudi sentimita tano katika mia, na mfarishi wa mita mbili ungekupunguzia sentimita kumi. Afadhali kujua hivyo sasa, ungali na nafasi ya kuongeza kitambaa.

Ukianza kazi yenyewe, tandaza matabaka sakafuni, uyanyooshe, uyapige bandi kwa nyuzi ndefu kutoka katikati kwenda pembeni. Mishono ya kudumu hufuata. Hapa wengi hufanya uvivu. Pamba iliyochambuliwa kwa mkono haina kitu kinachoishikanisha, kwa hiyo mishono isipishane kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu. Sufu iliyotengenezwa kama shuka yaweza kuvumilia upana wa kiganja. Faiba iliyogandishwa kiwandani huvumilia zaidi kidogo. Lakini usije ukajaza mishono kupita kiasi kwa kutaka urembo, maana kila mshono huigandamiza hewa ile ile unayoitafuta.

Uache ujazo na bitana vizidi kitambaa cha juu kwa sentimita tano kila upande, kwa sababu ushonaji huvivuta ndani. Utapunguza mwishoni kabla ya kufunga ukingo. Vipande vya pamba utakavyokata usivitupe, vitakufaa kwa vitambaa vya kuepulia sufuria. Vya faiba mshonee mtoto mwanasesere. Usivitumie jikoni, maana sufuria ya moto huviyeyusha mkononi.