Sinema na Binti Anayeozwa Mapema

Wazee wengi husema kwamba sinema huharibu watoto. Hatukatai: ziko sinema mbovu, na mzazi mwenye busara huchagua. Lakini ziko nyingine zinazomfundisha mzazi mwenyewe.

Fikiri juu ya mahari. Wanaoizungumza ni baba, wajomba na mshenga. Ng'ombe huhesabiwa, siku hupangwa. Binti yu jikoni. Hapana aliyemwuliza neno. Sinema njema humtoa jikoni na kumweka mbele yetu, tukauona uso wake na kuisikia sauti yake.

Mwaka 2021 Bwana Amil Shivji, Mtanzania, alitoa sinema ya "Vuta N'kuvute", iliyotokana na kitabu cha Bwana Adam Shafi. Humo Yasmin, msichana wa Unguja, anaozwa kwa mzee, kisha anatoroka. Kabla yake, mwaka 2014, ilitoka "Difret" ya Ethiopia, juu ya jambo lililotukia kweli mwaka 1996. Msichana wa miaka 14 alikamatwa njiani akitoka shuleni ili aolewe kwa nguvu. Alimpiga risasi aliyemteka, akashtakiwa kwa kuua. Wanasheria wanawake walimtetea, naye akaachiwa.

Usidhani hayo ni ya mbali. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, lakini mvulana hata afikie 18. Bibi Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali hukumu hiyo. Tena, sheria ya mwaka 2016 yasema kwamba amwoaye mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari atafungwa miaka 30.

Basi, wazazi wa Kasense na Ufipa yote, sinema ya namna hii ikionyeshwa, msiwaachie akina mama peke yao. Nendeni akina baba, nendeni na mshenga. Ikiisha, msiondoke upesi. Kaeni mwulizane: binti yule alitaka nini? Mkifika nyumbani, mwulizeni binti yenu swali lilo hilo, kisha nyamazeni mpaka amalize kujibu.