TUMBO LIMEJAA, LAKINI MTOTO HAKUI



Tukisikia neno "utapiamlo" wengi wetu tunafikiria ukame na njaa. Lakini ugonjwa huu unaingia hata katika boma ambalo ghala lina mahindi, kuku wanataga na sukuma wiki iko shambani. Mtoto anapewa ugali mchana na jioni, tumbo linajaa, na bado hakui. Kwa nini?

Chakula kina kazi tatu

1. Kutia nguvu: mahindi, wimbi, mtama, viazi vitamu, nduma, ndizi, mafuta.
2. Kujenga mwili: maharagwe, ndengu, kunde, njugu, maziwa, mayai, omena, nyama.
3. Kulinda mwili usishikwe na magonjwa: mboga za majani kama mchicha, managu na majani ya kunde, malenge, karoti, mapapai, maembe, mapera.

Mlo kamili ni ule wenye kitu kutoka kila kundi. Ugali na chai ya rangi ni kundi moja tu, hata sahani ikijaa namna gani. Babu zetu waliopika githeri walijua jambo hili: kile ambacho mahindi hayana cha kujenga mwili, maharagwe yanacho, na vikiliwa pamoja vinasaidiana. Hata yule kijana katika Yohana sura ya 6 alikuwa na mikate ya shayiri na samaki, wala si mikate mitupu.

Hatari iko wapi zaidi?

Hatari kubwa ni kwa mtoto kati ya miezi sita na miaka miwili. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana, aliandika habari za ugonjwa mmoja wa watoto katika miaka ya 1930. Alitumia jina la wenyeji, watu wa kabila la Ga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wa huko walikuwa wameona vizuri. Mtoto anaachishwa ziwa ghafla, anapewa uji mwepesi wa mahindi peke yake, kisha surua au kuhara kunamkuta hana kinga.

Dalili zake ni hizi: miguu yote miwili inavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu-nyekundu, ngozi inabambuka, mtoto ananuna, hataki kucheza wala kula. Wengine husema amenenepa. Wengine husema amerogwa, au ni mwiko umevunjwa. Hapana! Mtoto huyo ni mgonjwa sana. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msijaribu kumtibu nyumbani.

Tufanye nini nyumbani?

1. Mpe mtoto maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, hata maji usimpe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Baada ya hapo aanze chakula, lakini aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi.
2. Uji uwe mzito, usimwagike kijikoni kama maji. Kwa vikombe vinne vya unga wa wimbi au mahindi, changanya kikombe kimoja cha unga wa njugu zilizokaangwa. Au ongeza maziwa wakati wa kupika. Unga wa nafaka saba si lazima.
3. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Alishwe mara tatu au nne kwa siku, tena apewe tunda au kiazi katikati. Awe na sahani yake, asishindane na wakubwa.
4. Ponda maharagwe, au saga omena waliokaushwa vizuri, uweke katika chakula chake.
5. Osha mboga kabla ya kukata, zipike kwa muda mfupi, tia mafuta kidogo. Usitie magadi, kwa maana yanapunguza vitamini.
6. Chai isinywewe pamoja na chakula. Inazuia mwili kupata madini ya chuma yanayotengeneza damu.
7. Mahindi na njugu zenye ukungu zisiliwe, wala wasipewe kuku. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za Ukambani na jirani zake kwa sababu ya sumu ya mahindi yaliyoharibika.

Akina baba, neno hili ni lenu pia

Mara nyingi shida haiko jikoni, iko sokoni. Maziwa yote yanaenda kwa mnunuzi, mayai yote yanaenda dukani, maharagwe yanauzwa wiki ya mavuno. Pesa inarudi kama sukari, majani ya chai na mkate. Kuuza si vibaya, karo inatakiwa. Lakini mapatano yawepo nyumbani kabla ya kuuza: katika kila mayai kumi, matatu yabaki, kikombe cha maziwa ya mtoto kitolewe kwanza. Tena ile desturi ya baba kula nyama na mtoto kupewa mchuzi, tuiache.

Kazi ya kikundi

Mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji aje na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni hatari, na kati ya 11.5 na 12.5 ni onyo. Atakayepatikana hivyo apelekwe kliniki. Mama yake asichekwe, asaidiwe.

Maswali ya kujadili

1. Jana watoto wetu walikula nini? Ni kundi gani halikuwepo?
2. Ni vyakula gani tunavyouza vyote bila kubakisha?
3. Ni mboga gani za kienyeji tulizoziacha, na nani bado ana mbegu?
4. Kabla ya mkutano ujao, kila nyumba itabadilisha jambo gani moja?