Walezi wa watoto wafundishwa kuitambua dhuluma

Mtu wa kwanza kuona kwamba mtoto mdogo anateswa mara nyingi si polisi wala daktari. Ni yule anayembadilisha nguo, kumlisha na kumlaza mchana: mlezi wa kituo cha watoto, mwalimu wa chekechea au mama anayelea watoto wa wenzake nyumbani kwake.

Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeifanya elimu ya kutambua na kuripoti dhuluma dhidi ya watoto kuwa sharti la kazi hiyo. Ni jambo linalowahusu pia Waafrika Mashariki wengi walioko Uingereza na Marekani, ambao ama wanafanya kazi hiyo, ama huwaacha watoto wao mikononi mwa wanaoifanya.

Kifo kilichoitikisa Uingereza

Uingereza haiwezi kulizungumzia suala hili bila kumtaja Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast aliyefikishwa London mwaka 1999 na shangazi wa mzazi wake, kwa ahadi ya elimu na maisha bora. Alifariki dunia Februari 2000 akiwa na umri wa miaka 8. Mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Walioshtuka mapema walikuwa watu wa nyumba ya mlezi aliyekuwa akiachiwa mtoto huyo mchana. Mwezi Julai 1999 waliyaona majeraha yake, na binti wa mlezi akampeleka hospitali. Huko daktari mmoja aliamua kuwa ni upele, na Victoria akarudishwa kwa watesi wake.

Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake Januari 2003, ulibaini kuwa idara mbalimbali zilikuwa na nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa. Ripoti ilitoa mapendekezo 108, na sheria mpya ya watoto ikafuata mwaka 2004.

Lipo jambo moja katika ripoti hiyo linalowagusa Waafrika moja kwa moja. Victoria alikuwa akisimama wima, kimya, mbele ya shangazi yake. Walioona hali hiyo waliichukulia kuwa ni adabu ya watoto wenye asili ya Kiafrika. Kumbe ilikuwa hofu.

Alama na tabia

Mafunzo ya walezi huanzia hapo: kutofautisha la kawaida na lisilo la kawaida. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka na kuchubuka magoti, miundi na paji la uso. Lakini alama za kuvia damu masikioni, shingoni, tumboni au mgongoni huhitaji maelezo. Mtoto mchanga ambaye hata kutambaa hajaanza hapaswi kuwa na alama kama hizo popote mwilini.

Walezi hufundishwa pia kuwa uvilio wa damu hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Kwa upande mwingine, watoto wengi wa asili ya Afrika na Asia huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu kiunoni na matakoni, ambayo asiyeyajua huweza kudhani ni alama za kipigo. Hivyo inafaa mabaka hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu siku mtoto anapoandikishwa, ili mzazi asije kushutumiwa bure.

Dhuluma nyingine haziachi alama. Mtoto aliyekuwa mchangamfu huwa mnyamavu, huanza kujikojolea tena, humwogopa mtu fulani, au huonyesha katika michezo yake mambo ya kimwili yasiyolingana na umri wake. Anayefika kila siku akiwa mchafu na mwenye njaa huenda ametelekezwa.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Ndiyo maana walezi huambiwa waandike kila wanachokiona, kwa tarehe na saa, kwani mambo madogo kumi yakipangwa pamoja huweza kusema kile ambacho moja halikuweza.

Mtoto anapofunua siri

Mtoto akianza kusimulia, kanuni ni chache lakini ngumu kuzitimiza. Mlezi asikilize bila kuonyesha mshtuko. Asimtilie maneno mdomoni kwa maswali ya kuongoza, kama vile, "Ni baba aliyekupiga?" Asimwahidi kuwa itabaki siri yao, kwa sababu hawezi kuitimiza ahadi hiyo. Kisha ayaandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa na kumpelekea msimamizi wa ulinzi wa watoto.

Kazi yake si kupeleleza. Kumkabili mtuhumiwa mapema huweza kumwongezea mtoto hatari au kuharibu ushahidi.

Hatari pengine imo ndani ya kituo chenyewe. Mwaka 2009 mfanyakazi wa kituo kimoja mjini Plymouth alifungwa kwa kuwadhalilisha watoto na kuwapiga picha kwa simu ya mkononi. Mapitio yaliyofuata yalionyesha kuwa wenzake walitiwa shaka na mienendo yake, lakini walishindwa kumkabili. Leo kanuni za England zinavitaka vituo viwe na utaratibu kuhusu simu na kamera, na tangu Septemba 2025 zinaeleza mafunzo yawe na mambo gani na kwamba yarudiwe kila baada ya miaka miwili.

Wajibu wa kisheria

Marekani ilitangulia. Baada ya daktari Henry Kempe na wenzake kuchapisha mwaka 1962 makala kuhusu watoto wanaopigwa, majimbo yote yalikuwa yametunga sheria za kuripoti kufikia mwaka 1967. Mlezi hahitaji uthibitisho, shaka yenye msingi yatosha, na anayeripoti kwa nia njema hulindwa na sheria. Jimbo la California humtaka apige simu mara moja na kufuatisha maandishi ndani ya saa 36.

Nchini Uingereza, tume ya uchunguzi wa dhuluma za ngono dhidi ya watoto ilipendekeza wajibu kama huo Oktoba 2022, na Februari 2025 serikali ikapeleka bungeni muswada uliougusa.

Afrika Mashariki nayo haiko nyuma kwa maandishi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa haki za mtoto zinapovunjwa. Namba ya simu 116 hupokea taarifa za watoto Kenya, Uganda na Tanzania.

Haja ni kubwa. Utafiti uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Kinachowafunga wengi midomo ni woga wa kuvunja nyumba ya mtu, kuonekana mfitini, au, kwa walio ughaibuni, kuona mtoto wa jamaa akichukuliwa na serikali. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na aghalabu anayemdhuru mtoto ni mtu anayemfahamu na kumwamini. Mtoto wa miaka miwili hawezi kwenda kituo cha polisi. Anamtegemea mtu mzima aliyeona alama, na akakataa kunyamaza.