Keki za Wanafunzi na Jasho la Wafagiaji

Ndugu wafanyakazi, baadhi yenu mmesikia habari ya wanafunzi wa shule moja ya kimataifa hapa Kigali waliokusanya fedha ili kuwalipia mituweli watoto wa maskini. Waliuza keki wakati wa mapumziko, na Jumamosi wakaosha magari ya wazazi wao. Sisi wa chama tuliingia katika jambo hilo bila kutafuta.

Hatuwabezi watoto wale. Shule zinazofuata mtaala wa Baccalaureate ya Kimataifa, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968, hazimpi mwanafunzi stashahada mpaka atimize na kazi za huduma. Basi wengine huanza kwa kulazimika. Lakini mtoto wa tajiri kushika ndoo na sabuni si jambo la kila siku, nasi tulifurahi kuliona.

Taabu ilianza orodha ya watoto wa kusaidiwa ilipobandikwa. Watatu walikuwa watoto wa wafagiaji wa shule hiyo hiyo. Mama mmoja, mwanachama wetu, alitufuata Nyamirambo jioni akiwa bado na sare yake. Akasema, "Darasa lao nalifagia mimi kila alfajiri. Leo nimekuwa maskini wa kupigwa picha?"

Tukakaa naye tukapiga hesabu. Mwaka 2011 mchango wa mituweli kwa watu wa kipato cha kati uliwekwa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Yeye na watoto wanne ni 15,000. Angeweza kulipa, kama kampuni ya usafi iliyomwajiri isingemcheleweshea mshahara wa miezi miwili. Tena kampuni hiyo haikuwa imemwandikisha RSSB, kwa hiyo hata pensheni hana. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12 ya mshahara, badala ya 6 ya zamani, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Mwajiri mwenye tamaa akiona hivyo huficha majina.

Na wasituambie kuwa watoaji ni matajiri peke yao. Mwaka 2020 iliamriwa kila mfanyakazi akatwe nusu asilimia ya mshahara wake wa mkononi kusaidia mfuko wa mituweli.

Kwenye kikao chetu tulibishana sana. Wengine walitaka mama akatae fedha zile. Mzee mmoja wa kiwandani akauliza, malaria itangoja kesi iishe? Tulinyamaza.

Tulipokwenda kuzungumza na wanafunzi, msichana mmoja aliuliza kwa nini kampuni haijalipa. Mwalimu wake akakohoa. Walimwandikia mkuu wa shule swali hilo hilo.

Mama alipokea risiti ya mituweli, picha akakataa. Sisi tulipeleka barua kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Mpaka tunaandika haya, mshahara wa mwezi mmoja umelipwa. Wa pili bado, na Jumatatu tunarudi.