Mzazi, mwanao yuko wapi unapopatana bei?

NI Jumamosi, mwisho wa mwezi, nawe umemshika mwanao mkono mkielekea Gikomba kumtafutia viatu. Muuzaji anataja bei yake, unacheka, unataja yako. Lakini ili ukikague kiatu vizuri unahitaji mikono miwili. Hapo ndipo mtoto huachiliwa.

Nayajua haya kwa kuwa yalinifika. Mwanangu alikuwa na umri wa miaka minne. Niliinama kutazama kama soli imepasuka, na nilipoinua macho hakuwepo. Nilikimbia huku na kule nikimwita, vijana wa mikokoteni wakinifokea niwapishe. Hatimaye nilimkuta ameketi juu ya robota la mitumba, akilia. “Nimemwuliza mamake anaitwa nani,” mwenye kibanda akaniambia, “naye ananijibu tu, Mama.”

Kosa halikuwa la mtoto. Mimi ndiye sikuwa nimemfunza jina langu.

Basi mzazi, anza nyumbani. Mfunze mwanao majina yake, jina lako kamili na mtaa mnaokaa. Nambari yako ya simu iandike kwenye karatasi uitie mfukoni mwake. Usiandike jina lake juu ya nguo, kwani mtu mwenye nia mbaya akilisoma atamwita kwalo, na mtoto humwamini anayemjua jina. Kabla ya kutoka mpige picha kwa simu yako, ili ukiulizwa amevaa nini usibabaike.

Mkifika sokoni mwambie: “Usiponiona, simama papo hapo uniite kwa jina langu.” Mkitafutana nyote wawili, mtapishana. Akihitaji msaada, amwendee mama mwenye watoto au muuzaji aliye kwenye kibanda chake, wala asikubali kupelekwa mahali pengine.

Katika supamaketi, mtoto mdogo akae kwenye kiti cha toroli. Asisimame ndani yake, kwani anaweza kuanguka. Unapolipa, msimamishe kati yako na kaunta. Macho yakiwa kwenye nambari ya siri ya M-Pesa, hayako kwa mtoto.

Na akipotea? Usione haya kupaza sauti. Taja umri wake na rangi ya nguo zake, na uwaombe mabawabu waangalie milango. Usipomwona, nenda kituo cha polisi kilicho karibu mara moja. Usimsikilize anayekuambia ungoje saa 24. Unaweza pia kupiga 116, simu ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi pesa.

Ukimpata, usimchape. Mtoto anayejua atapigwa, siku nyingine atajificha hata akikusikia ukimwita.

Siku ile tulirudi nyumbani bila viatu, mwanangu akilirudia jina langu njia nzima. Jumamosi iliyofuata tulirudi Gikomba. Safari hii nilimwomba muuzaji akunje soli yeye mwenyewe nikitazama. Mkono wangu mmoja ulikuwa na kazi nyingine.